Saa ya Mwandishi na Aliyeilipia: Maisha ya Mtunzi wa Riwaya Kati ya Masasi na Newala



Vijana wetu wana maswali mengi, na katika yale wanayoniuliza mara kwa mara, moja ni hili: mwandishi wa riwaya huishije siku yake, na ni mahali gani apendapo kukaa akaandika? Wengine huuliza kwa haya, daftari wamelificha chini ya kanzu au ndani ya kanga. Nimeona ni vema niwajibu katika ukurasa huu unaosomwa na baba, mama na watoto pamoja, kwani jibu langu si la vijana peke yao. Laihusu nyumba nzima.

Wengi hudhani kuwa mtunzi ana chumba chake maalumu, chenye dirisha lielekealo bustani, na meza ya mninga, na ukimya usiokatizwa na mtu. Hudhani ya kuwa hadithi humteremkia hapo kama umande. Lau ingekuwa hivyo, sisi watu wa Masasi na Newala tungekwisha kata tamaa zamani, maana nyumba zetu zina watoto, kuku, wageni na redio, na meza ikiwapo ndiyo hiyo hiyo ya kulia chakula. Lakini mambo sivyo yalivyo. Katika miaka niliyoshika kalamu nimeona kwamba mahali pa kuandikia ni jambo dogo. Jambo kubwa ni saa. Na saa ya mwandishi haipatikani bure. Yuko mtu aliyeilipia, na yapasa mwandishi amjue mtu huyo ni nani.

Tuwatazame kwanza waliotutangulia. Marehemu Shaaban Robert, aliyezaliwa Vibambani karibu na Tanga tarehe 1 Januari 1909, hakuwa mtu wa kukaa akitunga mchana kutwa. Aliingia kazi ya ukarani katika idara ya forodha mwaka 1926, akakaa humo mpaka mwaka 1944. Baadaye alihamia Mpwapwa, kisha akarejea Tanga katika ofisi ya wilaya, na mwisho katika ofisi ya kupima nchi, hata ulipofika mwaka 1960. Mkono ulioandika Kusadikika, kitabu kilichotoka mwaka 1951, ndio uliokuwa ukijaza hati za serikali tangu asubuhi. Kazi yake ya kutunga aliifanya katika masalio ya siku. Naye hakuwasahau wa nyumbani mwake, kwani aliwatungia watoto wake, binti na mvulana, tenzi za usia, akawapa wao kwanza kile alichowapa watu wote baadaye.

Bwana Muhammed Said Abdulla wa Unguja, aliyemzaa Bwana Msa mpelelezi, alikuwa mtu wa magazeti. Hadithi yake Mzimu wa Watu wa Kale ilishinda katika mashindano ya uandishi ya mwaka 1957 na 1958, ikachapishwa mwaka 1960. Na katika miaka hiyo hiyo yeye alikuwa mhariri wa jarida la Mkulima, akishughulika na habari za mashamba. Huko Misri, Naguib Mahfouz alikuwa mtumishi wa serikali, na kwa miaka mingi alifanya kazi katika Wizara ya Wakfu. Aliendelea na utumishi mpaka alipostaafu mwaka 1971. Alikuwa na mazoea ya kwenda mikahawani Cairo, kukaa na watu na kuwasikiliza. Mwaka 1988 alipewa tuzo ya Nobel. Naye Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Unguja wa mwaka 1948, alifundisha miaka mingi katika Chuo Kikuu cha Kent nchini Uingereza huku akiandika riwaya zake. Ilipomfikia habari ya tuzo hiyo hiyo mwaka 2021, hakukutwa katika maktaba kubwa. Alikuwa jikoni kwake. Kitabu chake cha mwaka 1994 tumekipata kwa Kiswahili mwaka 2022, kwa jina la Peponi, kwa tafsiri ya Ida Hadjivayanis.

Nimewataja mabwana hawa wanne ili kijana aone kwamba hapana hata mmoja aliyengoja mahali pazuri ndipo aanze. Kila mmoja alikuwa na kazi iliyompa riziki, akaiba saa katika siku. Nasema akaiba, lakini neno hilo si sawa sana, kwa kuwa saa ya mtu mwenye nyumba si yake peke yake.

Sasa niingie katika mambo yangu mwenyewe. Mimi ni mkazi wa Newala, na jamaa zangu wengine wako Masasi, kwa hiyo maisha yangu ni ya kupanda na kushuka. Newala iko ukingoni mwa uwanda wa juu wa Makonde. Masasi iko chini, upande wa magharibi, katika nchi tambarare yenye milima ya mawe iliyosimama mmoja mmoja kama watu waliokosana. Huku juu ardhi ni mchanga. Mvua ikinyesha hunywewa mara moja, wala hapana mto wala kijito kipitacho juu ya uwanda. Maji yako mabondeni. Mama zetu na bibi zetu waliteremka kuyafuata na kupanda nayo kichwani, mwendo wa saa nyingi, na safari hiyo ilikula siku yao. Katika miaka ya 1950 ilianza mipango ya kuyapandisha maji kwa mitambo na mabomba, na faida yake ni kubwa. Hata hivyo yapo majira ambapo bomba hutoa upepo tu, na madumu hupangwa foleni tangu usiku.

Nayaeleza haya kwa sababu. Mwandishi aliyekaa kivulini na daftari lake, katika nchi kama hii, yafaa ajiulize ni nani aliyekwenda kuchota maji atakayonywa akimaliza ukurasa. Kabla sijaanza riwaya yangu ya kwanza nilikaa na mama watoto tukahesabiana saa. Nilimweleza nia yangu. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Baba watoto, hadithi yako huenda nikaipenda, lakini hadithi haichoti maji." Sikuwa na jibu la kumpa, kwani alisema kweli tupu. Tukapatana hivi: saa iliyo baina ya sala ya alfajiri na jua kupanda juu ya mikorosho ni yangu, mtu asiniite ila kwa moto au kwa ugonjwa. Baada ya hapo madumu ni yangu mimi na baiskeli yangu. Na baada ya alasiri watoto ni wangu, ili yeye apate saa yake ya kushona na ya kwenda darsani. Mapatano hayo ndiyo yaliyoandika vitabu vyangu.

Basi siku yangu huanza gizani. Nikirudi kutoka msikitini hukaa katika ukumbi, mgongo ukutani, daftari juu ya goti. Wakati huo Newala ina baridi, na katika miezi ya kipupwe upepo hupiga mabati hata mtu akadhani yupo mwingine anayebisha hodi. Naandika kwa mkono, kurasa mbili, siku njema tatu. Zikipatikana mbili sitafuti zaidi. Kurasa mbili kwa siku, kwa mwezi ni karibu 60, na kwa miezi sita mtu ana kitabu, japo nusu yake itafutwa. Kijana anayengoja siku nzima iliyo tupu ili aandike sura nzima ataingoja mpaka mvi.

Kazi ya mchana hufuata majira. Sisi ni watu wa korosho. Tangu katikati ya mwaka mikorosho hutaka kupuliziwa dawa ili ukungu usiue maua. Na tangu mwezi wa Oktoba mabibo huanza kuanguka, nasi tuko chini ya miti kila siku, tukiokota, tukitenga korosho na bibo lake, tukianika. Korosho iliyoachwa chini ikakutwa na mvua huharibika, na ikiharibika hushuka daraja. Tangu mwaka 2007 korosho zetu huuzwa kwa mfumo wa stakabadhi ghalani, zikikusanywa na chama cha msingi na kupigwa mnada. Kwa hiyo mkulima huona mzigo wake umekwenda, kisha hungoja fedha. Ada za watoto, mabati, dawa, sanda, vyote hungoja pamoja naye.

Mwaka mmoja mambo mawili yalikutana. Mchapishaji aliniandikia kuwa akiipata sura ya mwisho kabla ya mwezi wa Desemba, kitabu kitaingia katika mpango wake wa mwaka unaokuja, la, kitangoja. Na mwaka huo miti ilizaa kuliko miaka mitatu iliyopita. Sura ya mwisho ilitaka majuma matatu ya utulivu. Shamba lilitaka majuma hayo hayo, na mikono yote. Mwanangu mkubwa alikuwa akisubiri kwenda sekondari. Nilitafakari usiku mmoja, asubuhi nikachukua kikapu. Sikumwuliza mtu, wala hakuna aliyenilazimisha. Nilijua ya kuwa nikikaa ndani na kalamu, ile sura italipiwa na mgongo wa mke wangu na vidole vya watoto wadogo, na mimi sikuwa na haki ya kuwatoza. Kitabu kilitoka nyuma kwa mwaka mzima. Mtoto alikwenda shule.

Lakini msidhani kuwa majuma yale yalipotea. Hapo ndipo nilipopata mahali nipapendapo kuliko pote, napo ni chini ya mkorosho wenyewe. Nilikuwa na kidaftari kidogo mfukoni na kalamu ya risasi, kwani utomvu wa maganda ya korosho huwasha na kutia madoa, na kalamu ya wino haipendi mikono kama hiyo. Tulipopumzika adhuhuri niliandika mistari mitano au kumi. Niliwasikia watoto wakibishana, na wanawake wa mashamba ya jirani wakiitana, nikaona jinsi maneno ya watu wangu yanavyokwenda, wapi hukatika na wapi huimbwa. Riwaya iliyoandikwa chumbani tu huwa na watu wanaosema kama barua za ofisi. Ile sura ya mwisho nilipoiandika baadaye ilikuwa na watu wenye sauti.

Mahali pa pili ni ukingo wa uwanda, pale ambapo nchi hukatika ghafula, na watu wamepaita Shimo la Mungu. Ukisimama hapo waliona bonde la Ruvuma limelala chini kwa ukungu, na ng'ambo yake ni Msumbiji. Wageni huniambia, "Bila shaka hapa ndipo uandikapo." Hapana. Upepo wa hapo hauachi karatasi mkononi mwa mtu. Huenda pale nikiwa nimekwama, nikakaa mikono mitupu nikatazama, mpaka ile fahari ya kujiona mimi ni mtunzi imenitoka. Kisha nikarudi nyumbani.

Mahali pa tatu ni Masasi. Kule chini kuna joto, na stendi ya mabasi ina kelele tangu alfajiri. Nami kelele hizo nazipenda. Mtu wa riwaya hupata mengi pale panapokutana watu wa asili mbalimbali, na Masasi ni mahali pa kukutana tangu zamani. Wamakua, Wayao na Wamakonde wamechanganyika hapo. Na mwaka 1876 Askofu Steere wa misheni ya Waingereza alileta hapo watu waliokombolewa utumwani, waliotoka Unguja. Hivyo katika mji ule mdogo pana koo ambazo safari yao ya asili ilikuwa ya kwenda pwani kwa minyororo na kurudi bara kwa miguu. Mimi hukaa katika kivuli cha jabali, milima ile ya mawe ikiwa nyuma yangu, nikafikiri juu ya njia hizo. Siandiki sana nikiwa Masasi. Nasikiliza, na nikirudi Newala ndipo naandika.

Na hapa nafika kwenye jambo zito kuliko baridi, upepo na korosho. Mtunzi hula maneno ya watu. Nikikaa kibarazani jioni na wazee, mmoja husimulia jinsi ndugu walivyogombania miti ya marehemu baba yao. Mwingine hueleza ndoa iliyovunjika kwa ajili ya ndoo ya maji. Wao wanazungumza na jirani yao, hawazungumzi na kitabu. Nikiyachukua maneno hayo kama yalivyo, nikayapiga chapa, nitakuwa nimewasengenya mbele ya nchi nzima, tena kwa maandishi yasiyofutika.

Mwaka 1906 alikuja huku Mjerumani mmoja mwenye elimu ya mila za watu, Karl Weule. Alikaa Masasi, akapanda Newala, akaandika mengi, hata juu ya upepo wetu na umbali wa maji yetu. Aliandika pia mambo ya unyago, akapiga na picha, na kitabu chake kikatoka Ujerumani mwaka 1908. Ametuhifadhia habari nyingi za babu zetu ambazo leo zingekuwa zimepotea, na hilo lina thamani yake. Lakini yeye alikuwa msafiri. Alipomaliza alipanda meli akaenda zake, na waliotajwa katika kitabu hawakukisoma. Mimi nikiandika leo, aliyetajwa atakinunua sokoni, au mjukuu wake atamsomea kwa sauti. Kesho asubuhi tutasimama safu moja msikitini.

Kwa hiyo nimejiwekea desturi. Kisa cha mtu hukibadili jina, na kijiji, na ukoo, na sababu ya ugomvi. Kisha hujiuliza: mwenyewe akikisoma, je, atajitambua kwa aibu? Akijitambua, nakiondoa, hata kiwe kizuri namna gani. Ipo sura moja niliyoipenda mno, ya mjane na wakwe zake. Niliiondoa kabla haijatoka nyumbani, na riwaya ikabaki na pengo ambalo wasomaji wengine wameliona wakaniuliza. Mambo ya siri ya jando na unyago siyaandiki kabisa, kwa kuwa niliyapokea kwa ahadi. Mchapishaji mmoja alipata kunishawishi kwamba hayo ndiyo yanayouzika. Nilimjibu kuwa sikuwa na ruhusa ya kuyauza.

Msomaji wangu wa kwanza ni mama yangu, na yeye hajui kusoma. Usiku, kazi zikiisha, namsomea. Umeme ukiwapo tunatumia taa, usipokuwapo tunatumia koroboi. Akinyamaza najua sura inakwenda. Akianza kuuliza habari za kesho za shamba, najua imechosha, nami naifuta. Yeye alipokuwa kijana aliteremka bondeni kwa maji siku zisizo na hesabu, na kwa miguu yake hiyo mimi nilipata kukaa darasani. Nikimsomea namrudishia kidogo katika alichotoa.

Nawageukia sasa wazazi. Mtoto akikaa peke yake pembeni na daftari, msifanye haraka kumwita mvivu. Mpimeni: akitimiza kazi yake ya nyumbani, mwacheni na saa yake. Na hasa nawaomba kwa ajili ya mabinti. Binti wa kwetu huamka mapema kuliko kaka yake. Hufagia, huchota, hupika, hulea wadogo, na jua likizama bado ana vyombo vya kuosha. Kisha twauliza kwa nini waandishi wa kike ni wachache. Walakini wapo. Ndyanao Balisidya alitoa riwaya ya Shida mwaka 1975, na Zainab Burhani alitoa Mwisho wa Kosa mwaka 1987. Mpeni binti yenu saa moja kwa siku, na kaka yake abebe dumu moja zaidi ili saa hiyo ipatikane.

Nanyi vijana mliouliza, jibu langu ni fupi. Msitafute chumba, tafuteni saa, na muiombe kwa adabu kwa wale mnaoishi nao. Mkiipata, msiitumie kwa kupiga soga wala kwa kutazama simu. Andikeni kurasa mbili, kisha mwende mkawarudishie waliowapa. Msitegemee kwamba riwaya itawalisha upesi: kitabu cha Kufikirika cha Shaaban Robert kilitoka mwaka 1967, naye mwenyewe alikuwa amekwisha fariki tangu mwaka 1962. Kuweni na shamba, au duka, au ufundi, au ofisi, kama walivyokuwa mabwana wale. Na yale mnayosikia barazani yachukueni kama mtu achukuavyo mtoto wa jirani, kwa kujua kwamba atadaiwa.

Mwenyezi Mungu atujalie saa zenye baraka, na nyumba zenye kusaidiana.

Wassalaam.